Mama, Ramani ya Gari na Jua la Ijumaa

Haya basi, acheni kunipigia simu mmoja mmoja. Nyote mnauliza yaleyale: kwa nini niliondoka Mombasa Alhamisi kumrudisha mama mkwe wangu kwao Nyamira, nikapotea bila habari, halafu Jumapili nikawatumia picha ya gari langu limezungukwa na michai kila upande, bila neno la maelezo. Nimesharudi, nimeoga, nimelala usingizi wa pono. Ninasimulia mara moja tu, na anayetaka kunicheka angoje nimalize.

Mombasa hadi Nairobi

Kwa wasiomjua, mama mkwe wangu anaitwa Bosibori. Alikuja kwangu kufanyiwa upasuaji wa goti, na kwa vile mume wangu yuko Qatar kikazi na binti yetu Kerubo yuko shule ya bweni, nyumba ilikuwa yetu sisi wawili. Miezi yote hiyo hatukukosana, isipokuwa juu ya chai. Chai yetu ya Pwani yenye tangawizi na iliki yeye huiona ni dawa ya kikohozi, na aliinywa kwa uso wa kumeza dawa.

Wiki za mwisho nikaanza kumkuta sebuleni, mkono mmoja ameshika kochi, anashuka polepole mbele ya beseni tupu la kufulia. Daktari alikuwa amemkataza kupiga magoti. Nikamgombeza kama mtoto, akaniambia anafanya mazoezi tu. Mazoezi ya kitu gani?

Aliyatoa ya moyoni tulipokuwa tunaikaribia Voi.

"Mama Kerubo," akasema, maana huniita kwa jina la mwanangu, "mimi na Nyaboke hatuongei."

"Nyaboke ndiye nani?"

"Jirani. Shamba yake na yangu zimeshikana. Tuliolewa mwaka moja, tukazaa pamoja, tukachuma chai pamoja. Halafu tukakosana. Ni miaka mingi sasa, hata salamu hakuna."

Mama ni Msabato, na kanisani kwao Meza ya Bwana huandaliwa mara moja kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya kula mkate, wanawake hutoka wawili wawili na mabeseni ya maji, wakatawadhana miguu. Mwenye kinyongo na mwenzake anatakiwa amtafute huyohuyo, wapatane kwanza.

"Wakileta beseni mimi natoka," Mama akasema. "Nasema kichwa inauma. Kila wakati kichwa inauma. Sasa siku ile ya kupasuliwa, kabla dawa ya usingizi inishike, nikaambia Mungu, nikiamka nitachukua beseni nimuendee Nyaboke. Nikaamka."

"Na akikataa, Mama?"

"Atakataa mbele ya kanisa lote, na mimi nitarudi na beseni yangu." Akageukia dirishani.

Meza ilikuwa Sabato hiyo hiyo, kesho kutwa yake. Na Sabato, kama hamjui, haingoji alfajiri ya Jumamosi. Inaingia Ijumaa jua linapozama. Jua likishazama Mama hapandi gari, hata gari liwe la malaika. Likimkuta mji wa Keroka njiani, atalala Keroka, atashinda Keroka, na Meza itampita. Nilipomwambia kwamba kuna nyingine baada ya miezi mitatu, aliniuliza, "Na hiyo miezi ni nani amenishikia?" Nikakanyaga mafuta.

Sasa niwaeleze kuhusu gari. Lilitoka Japani likiwa limetumika, na katikati ya dashibodi lina kioo kikubwa chenye ramani, fahari ya mume wangu. Fundi mmoja wa Mombasa alitutilia kadi ya ramani ya Kenya, na mwanamke mle ndani akawa anatuelekeza kwa Kiingereza. Njia nzima ya Nairobi alikuwa sawasawa. Kila alipotoa agizo, Mama akaitikia, "Sawa, mama, asante."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Najua ni mashine. Lakini si amesema vizuri? Sasa ninyamaze tu kama sina adabu?"

Tulilala Nairobi kwa dada yangu. Umeme ulikuwa umekatika, simu yangu ikaamka na njaa, na tundu la kuchajia la gari lilikufa zamani. Asubuhi Mama akaomba nyimbo za kanisa. Nikamwekea kwenye simu. Kufika Narok, simu ilikuwa imeimba hadi ikakata roho.

Narok hadi Sotik

Narok tulisimama ili Mama anyooshe goti. Mimi nikala nyama ya mbuzi. Yeye akafungua kopo lake la ndizi za kuchemsha alizobeba tangu Mombasa, akala akiitazama nyama yangu kwa huruma, kwa sababu aliona haijaiva. Tulipotaka kuondoka, gari likasema ka, ka, ka, likanyamaza.

Dereva mmoja wa lori, baba mtu mzima na mpole, akafunua boneti. Akasema vichwa vya betri vimeota ukungu. Akazichomoa nyaya, akasugua kwa kipande cha msasa, akamwagia maji ya moto, akarudisha. Gari likanguruma. Nikamshukuru mpaka akaona haya, na kumbe betri ilipochomolewa ramani yetu ilipoteza fahamu yote.

Kioo kilipowaka, kilikuwa na maandishi ya Kijapani kutoka juu hadi chini. Yule mwanamke wa Kiingereza hayupo. Akatokea mwingine, sauti nyembamba, akasema maneno mengi kwa unyenyekevu mkubwa. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Huyu ana heshima kuliko yule wa jana," akasema.

Nikabonyeza kila palipobonyezeka. Nikapata redio inayokoroma. Nikapata saa ya miaka iliyopita. Mwisho nikaona kijipicha cha nyumba, nikajiambia, hii si ndiyo nyumbani? Nikaibonyeza. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikachora mstari mwekundu, na mshale wetu ukatokea katikati ya rangi ya buluu tupu. Jamani, kwa hesabu ya mashine tulikuwa baharini, na ilikuwa inajitahidi kutufikisha kwa mwenye gari wa kwanza, huko Japani.

"Tumefika wapi?" Mama akauliza.

"Kwenye maji."

"Basi endesha pole pole."

Mnaniuliza kwa nini sikumtegemea Mama mwenyewe anionyeshe njia kwao. Nilimtegemea! Lakini mimi siku zote nilikwenda Nyamira kwa basi la usiku, nimelala. Na Mama anaijua njia kwa vitu vilivyokuwapo. Ataniambia, "Pinda pale kwa duka ya Ombati," nami nitafute duka hadi nichoke, ndipo aseme duka lilibomolewa wakati mume wangu angali darasa la pili. Kisha, baada ya Sotik, dawa ya maumivu ikamlaza. Nilimwona amelala kwa raha, mdomo wazi kidogo, nikamhurumia, nikamwacha. Nikafuata lami kubwa, na yule mwanamke wa Kijapani akawa ananieleza mambo yake kwenye kila kona.

Keumbu

Mama aliamka mwenyewe, akatazama nje, akaona mikungu ya ndizi imepangwa kando ya barabara na wanawake wamekaa chini ya miavuli.

"Hii ni Keumbu," akasema.

"Vizuri?"

"Vizuri ya nini? Tumepita. Ile ya kwenda Nyamira tuliiacha huko Keroka."

Nilisimamisha gari nikapiga usukani kwa kiganja. Honi ikalia, na wauza ndizi wote wakageuka. Mmoja, mama mnene mwenye kitambaa cha njano, akaja kutazama kama tunanunua au tunagombana. Nikamuuliza njia fupi ya kwenda Ikonge, karibu na kijiji cha Mama.

Hapo nikakosea. Kwa watu hawa huulizi njia kabla hamjajuana. Akainama dirishani kwa Mama, wakaanza kwa Kikisii: umetoka wapi, umeolewa wapi, baba yako ni nani, mama yako alizaliwa ukoo gani. Kikisii changu ni cha kuombea chumvi, lakini nilisikia majina yakipanda na kushuka kama watu wanaokagua ngazi. Wakafika mahali wakapiga kelele pamoja. Kumbe bibi wa huyu na shangazi wa yule walikuwa wa nyumba moja! Mlango ukafunguliwa, wakakumbatiana. Mkungu mzima ukaingizwa kwenye kiti cha nyuma. Nikapewa mbivu nne mkononi, nikaambiwa nimekonda.

"Mama, jua," nikasema.

"Ngoja, huyu ni dada yangu."

"Mama, Nyaboke!"

Uso wake ukabadilika palepale. Akamshika yule mama mkono, akamweleza neno moja au mawili. Mwenye kitambaa cha njano akaacha kucheka. Akaja upande wangu, akanieleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba kurudi Keroka ni kupoteza wakati, kwa maana nyuma yetu lori limeanguka na magari yamefunga njia. "Enda Kisii mjini, mwanangu. Huko kuna barabara ya Nyamira, na kuna fundi ataponya hiyo televisheni yako." Kisha akagonga paa la gari mara mbili, jinsi makondakta wanavyogonga, tukaondoka.

Kisii mjini

Kisii siku ya Ijumaa mchana, watu wote wanataka kumaliza shughuli zao. Bodaboda zinabeba magodoro, kuku na mabibi harusi, zote kwa spidi moja. Fundi tulimpata kwenye kibanda cha mabati chenye redio za magari hadi darini. Anaitwa Nyakundi, na alikuwa tayari anafunga, kwa kuwa naye ni Msabato.

"Fundi, mwokoe mama huyu," nikamwambia. "Asipofika Ikonge kabla ya jua kuzama, amekosa Meza."

Akafungua kufuli bila swali. Akaingia garini, akazima, akachomoa kadi, akaifuta kwenye shati, akairudisha, akawasha. Yule mwanamke wa Kijapani akatusalimu tena. Nyakundi akacheka.

"Hii ni kitu ndogo sana, madam. Hii nimefanya mingi."

Akabonyeza kwa kujiamini, akapata lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu watatu. Akabonyeza tena, akapata nyingine, hiyo ikiwa na mwanamume aliyesikika kama amekasirika. Mama akasema huyo hamtaki. Jasho likaanza kumtoka fundi. Ya tatu ikawa Kiingereza, na ramani ya Kenya ikafunguka, lakini mshale ukabaki palepale baharini.

"Inatafuta setilaiti," Nyakundi akasema. "Lazima ione mbingu."

Kumbe tulikuwa tumeegesha chini ya mabati. Basi tukalisukuma nje, mimi, fundi na wanaume wawili wa duka la jirani, na Mama ndani kama malkia kwa sababu ya goti. Hata nje mshale ukakataa. Ndipo fundi akaingiza mkono nyuma ya dashibodi akatoa kidude cheusi chenye waya: antena, ambayo fundi wa Mombasa hakuifunga imara, ikaanguka chini ya chuma. Nyakundi akaibandika kwa karatasi ya gundi juu, karibu na kioo cha mbele. Tukangoja. Mshale ukatikisika, ukaruka kutoka baharini, ukatua Kisii. Nilipiga kigelegele barabarani, sioni haya kusema.

Kulikuwa na shida nyingine. Ramani ilijua Ikonge, lakini haikujua kijiji cha Mama, wala kanisa, wala shule. Nyakundi akaikuza picha, akamwambia Mama aonyeshe. Mama hakuwa amewahi kutazama ramani maishani. Akaweka miwani, akaisogelea, akatafuta mto. Akaufuata kwa kidole taratibu hadi unapojikunja mara mbili.

"Hapa ndipo nachota maji," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa panda juu kidogo. Simama. Hapo ni kwangu."

Nyakundi akapigilia alama pale. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelijutia na pia nimelishukuru tangu siku hiyo: "Nikuwekee barabara nzuri ama ile fupi?"

"Fupi! Fupi kabisa!"

Kisii hadi Ikonge

Hadi Nyamira mjini mambo yalikuwa mazuri. Lami, milima ya kijani, ng'ombe wamefungwa kando ya barabara wakitutazama kama mahakimu. Mama alikuwa anaimba kidogo kidogo na kutazama kivuli cha gari kinavyorefuka. Kila aliponiuliza tumebakiza kiasi gani, nikatazama kioo nikamjibu "karibu," ingawa sikuielewa vizuri ile namba.

Mbele ya Ikonge mashine ikasema pinda kushoto. Mama akasema kwao ni moja kwa moja, halafu kushoto huko mbele, kwa barabara ya gari la kubebea majani ya chai.

"Mama, hii imeona setilaiti. Hii ni fupi."

"Sawa," akasema, "wewe ndiye dereva." Yeye hulitumia neno hilo anapoona kosa linakuja na hataki kuwa shahidi.

Nikapinda. Barabara ya murram, yaani changarawe, ikawa njia. Njia ikawa kichochoro kati ya michai, matawi yakawa yanakwaruza milango yote miwili. Halafu mvua ya milimani ikashuka, ile isiyobisha hodi. Udongo mwekundu ukageuka sabuni. Gari likaanza kutembea ubavu, nami nikaanza kumwita Mungu wa madhehebu yote.

Tukakwama kando ya kituo cha kupimia majani chai. Wachumaji walikuwa wamejikinga kwenye kibanda na vikapu vyao. Walitazama kwanza, wakajadiliana, kisha wakavua viatu wakaja kwenye mvua. Mwanamke mmoja akanigongea dirisha.

"Nani amekwambia hii ni njia ya gari?"

Nikaonyesha kioo. Akakitazama, akamtazama Mama, akatikisa kichwa. Lakini alisukuma kuliko wote, na gari lilipochomoka lilimrushia tope hadi usoni. Nikafungua mlango kuomba radhi. "Enda, enda!" akapiga kelele akifuta macho. "Sabato inaingia!"

Mvua ikakatika. Jua likatoka chini ya wingu, kubwa na jekundu, limebakiza upana wa vidole viwili kufika mlimani. Mama alikuwa ameacha kuimba. Mashine ikasema tumebakiza kama mita mia mbili, moja kwa moja. Nikashangilia. Tukateremka mteremko, tukapita nyuma ya nyumba ya mabati iliyozungukwa na maua, nikakanyaga breki.

Mbele yetu hapakuwa na njia. Palikuwa na michai, mistari mizuri iliyokatwa sawasawa, na ng'ambo yake paa la nyumba ninayoijua, ya Mama. Ramani ilionyesha njia imepita katikati. Mashine ikarudia kwa upole: moja kwa moja. Nikajaribu kurudi nyuma, tairi zikazunguka tu mahali pamoja.

"Mama, mbona njia haipo?"

Alikuwa amekamata mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Mume wake akaipandia chai. Mimi nikaja na jembe nikang'oa miche yote. Akapanda tena. Ndiyo hiyo unaona." Akavuta pumzi. "Mama Kerubo, umenileta kwa Nyaboke."

Na jua likazama.

Nyumbani kwa Nyaboke

Ndani ya ile nyumba walikuwa wanaimba wimbo wa kufungua Sabato, sauti ya mwanamke mmoja tu. Wimbo ukakatika. Mlango wa nyuma ukafunguka akatoka mama mwembamba, mrefu, amejitanda leso, akaja hadi penye taa za gari letu. Niliona alivyomtambua Mama, kwa sababu alisimama ghafla.

Mama alikuwa amejiandaa kwa kanisa, kwa beseni, kwa nguo nyeupe na wachungaji. Sasa yuko hapa, nguo imekunjamana kwa safari, kwenye shamba lile lile, na kuzunguka kwa barabara hadi kwake goti lisingeweza. Akafungua mlango, akashusha mguu mmoja kwenye tope, wa pili ukamshinda.

"Bwairire, Nyaboke," akasema. Ndiyo salamu yao ya jioni.

Nyaboke akautazama ule mguu uliokuwa kwenye tope. Kisha akasema jambo kwa Kikisii, kwa ukali, akamjia. Nilidhani anamfukuza. Nikataka kushuka nimkinge. Kumbe, Mama alinieleza baadaye, alikuwa anasema, "Umepasuliwa goti na unakanyaga tope, huna akili?" Akamtia bega kwapani, akamwinua, wakaenda hivyo hadi ndani. Nami nikawafuata nimebeba mkungu wa ndizi, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kubeba kitu.

Alimkalisha kwenye kiti cha mbao. Maji ya moto yalikuwa tayari, kwani Wasabato hutayarisha kila kitu kabla jua halijazama. Akayamimina kwenye beseni la plastiki, akachanganya na baridi, akapiga magoti, akaanza kumtoa Mama tope la miguuni. Nilisikia tu maji. Mama machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta.

"Nilikuwa nikutafute kesho," Mama akasema. "Nilikuwa nije na beseni. Nimekuwa natoka nje kila Meza, Nyaboke. Nasema kichwa."

Nyaboke akainua uso. "Na mimi natoka," akasema. "Kwa mlango ile ya nyuma. Mimi nasema tumbo."

Wakatazamana. Ina maana miaka yote ile, mabeseni yakiletwa, mmoja anatokea mlango wa mbele na mwingine wa nyuma, na kila mmoja anaamini mwenzake yumo ndani anakula mkate kwa amani. Mama ndiye aliyeanza kucheka, huku bado analia. Nyaboke akamfuata, akakaa chini sakafuni kabisa, amejishika mbavu.

Halafu Mama akataka zamu yake. Akashika meza ili ashuke kama alivyofanya mazoezi kwangu sebuleni. "Daktari!" nikapiga kelele. Nyaboke akamsukuma kifuani, akamrudisha kitini. Akavuta kiti kingine wakakaa magoti kwa magoti, akaliweka beseni jipya juu ya stuli, akapandisha miguu yake mirefu humo, mmoja baada ya mwingine, akishikilia sketi. Ilikuwa miguu ya mchuma chai, kisigino kimepasuka pasuka. Mama akaitawadha bila haraka, kila kidole, akaifuta kwa leso yake mwenyewe aliyotoka nayo Mombasa. Mimi nililia nikiwa nimesimama mlangoni, na sitaki mzaha wa mtu yeyote juu ya hilo.

Usiku huo tulilala kwa Nyaboke, na kesho yake walikwenda kanisani wameshikana mikono kwa ajili ya goti. Mabeseni yalipoletwa watu wote waligeuka kutazama milango, kwa mazoea. Hakuna aliyetoka.

Kutoka kanisani Mama akaenda kulala kwake, mimi nikabaki kwa Nyaboke penye gari, na Jumapili niliamshwa na sauti ya panga. Nikatoka nje, nikamkuta Nyaboke katikati ya shamba lake, anakata michai, ile mizuri iliyokatwa sawasawa, anaitupa kando. Mama alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye kiti nje ya nyumba yake, anamwelekeza kwa fimbo na kumwambia anakata vibaya. Hapo ndipo nilipopiga ile picha, kwa simu ya Nyaboke, maana yangu ilikuwa bado imekufa. Alipomaliza, upana ulitosha gari kupita kutoka kwake hadi kwa Mama. Akaja kwangu, amelowa jasho, akanifungulia mlango wa dereva.

"Pita, Mama Kerubo," akasema. "Lakini usikanyage ule mstari wa kushoto. Huo bado ni wangu."